Muhogo wa Kwenye Kompyuta

Mama aliukata muhogo katikati, akanigeuzia nione. Ndani ulikuwa na michirizi ya kahawia, mikavu kama kutu.

"Hajra, si ndio huu uliokuwa unaupima?"

Ndio huohuo. Niliuinamia na rula hapa shambani kwetu Kibuta, nikapima kila pingili na kila tawi, nikaujenga upya kwenye kompyuta. Ukibonyeza, unachipua, unatoa matawi matatu, na chini unajaza mizizi minene, myeupe. Mizizi niliibuni tu. Nani angefukua?

Majirani walipouona kwenye skrini wakapagawa, kila mmoja akataka mbegu yake. Mbegu ya muhogo hainyimwi mtu. Mama akawakatia shina lote, wakagawana vijiti. Na michirizi hii ni ugonjwa wa kuozesha mizizi, husafiri na mbegu.

"Kwenye kompyuta si ulikuwa mzima?" Mama aliniuliza, kisu bado mkononi.

Kabla sijajibu, jirani yetu alipiga hodi, udongo umemjaa mikononi, anacheka.

"Hajra mwanangu, Mungu akuzidishie! Vijiti vyako nimevichomeka katikati kabisa ya shamba, ili mbegu ienee."

"Shikamoo," nilisema.