Gunia la Kushoto

Mzee Remtulla aliinama ndani ya gari, akavuta mkanda wa kiti cha nyuma, akalifunga gunia la mchanga. Alilifunga taratibu, akalitikisa kidogo kuona kama limetulia, kisha akaurudisha mlango bila kuubamiza.

"Ni kilo sitini na tatu na nusu, una hakika?" aliuliza, huku akikitazama kikaratasi alichokitoa kwenye pochi.

"Nimepima mara mbili, mzee," Albano alijibu.

Alikuwa amechoka. Mgongo ulimuuma tangu asubuhi, na katika magari yote yaliyowahi kuingia gereji yake pale Temeke, hakuna lililomchosha kama hili. Lilikuwa sedani nyeusi ya kifahari, tani mbili na ushei, injini yenye nguvu za farasi mia tano, na mwenyewe analiendesha kilomita arobaini kwa saa.

Lililomleta mzee mwezi wa kumi lilikuwa moja: kwenye kona gari linalala. Albano akabadilisha bushi na shokapu zote nne, akafunga chuma kinene cha kuzuia bodi isiegemee upande. Kulala kukaisha, lakini matuta yakaanza kugonga. Akalegeza. Matuta yakapita vizuri, yumbayumba ikarudi. Gari zito ndivyo lilivyo, ukilibembeleza huku linanuna kule, na kwa miezi sita Albano alikuwa kati ya kukaza na kulegeza.

Gunia lilikuwa utaratibu wake mwenyewe. Kabla ya kurekebisha gari huweka kwenye kiti uzito litakaoubeba, kwa sababu gari tupu halisemi ukweli. Wateja wengine humwambia "weka kama sitini hivi" na kwenda zao kunywa chai. Mzee Remtulla siku ya kwanza alivaa miwani, akakikunjua kikaratasi, akasoma: hamsini na nne na robo, nyuma kushoto. Wiki mbili baadaye akaja na kikaratasi kingine, uzito umepanda. Ikawa hivyo kila wiki mbili.

"Mzee, usikasirike," Albano alimwambia sasa. "Kwa spidi yako hiyo hata bajaji haiyumbi. Na hii kilo moja na nusu iliyoongezeka, gari kubwa kama hili wala haliisikii."

"Gari haliisikii, mimi naisikia," mzee alisema. "Toka Mbweni mpaka mjini nahesabu kona zote. Nimeshapoteza mara tatu, fundi. Safari hii sipotezi."

"Ulipoteza nini?"

Mzee akalitazama gunia kupitia kioo. "Wewe nitengenezee," alisema.

Alipoondoka, Mwinshehe, fundi rangi wa gereji ya jirani, akaja na msasa wake mkononi.

"Braza, fungua macho. Huo ni mzigo wa magendo. Unaongezwa kidogo kidogo ili watu wasishtuke. Hapo kashakamatwa mara tatu, si kasema mwenyewe? Na yule binti yake, Shaheen, si ndo alikuwaga analileta hili gari? Umemwona lini?"

Albano akafikiri. "Kabla ya vuli."

"Basi! Yuko nje huko anaupokea. Mie nakwambia, siku wakimdaka baba mtu, wa kwanza kutajwa ni fundi aliyelipanga gari."

Albano hakucheka. Miaka minne nyuma aliwahi kulala mahabusu siku sita kwa sababu ya pikapu aliyoitengeneza, ambayo chini ya kiti chake yalikutwa meno ya tembo. Hakujua lolote, ila kueleza hivyo kulimchukua siku zote hizo sita. Mkewe Bernadeta alileta chakula kila siku, na siku ya kumtoa alimwambia kwamba akirudi tena mle, atakula ukuta. Gereji ilibaki imefungwa miezi miwili, na wateja wengine hawakurudi hadi leo. Hofu ile ilikuwa haijamtoka. Jioni hiyo alipomsimulia Bernadeta habari za vikaratasi, mama huyo aliacha kupepeta mchele.

"Mrudishie gari lake," alisema. "Mwambie umeshindwa."

Albano akakubali. Kushindwa kazi kulimuuma, lakini kurudi mahabusu kungemuuma zaidi.

Wiki mbili zikapita mzee asije. Ya tatu ikapita. Mwinshehe akasema kashakamatwa. Kila pikipiki iliyosimama mbele ya gereji ilimtoa Albano jasho.

Alhamisi asubuhi sedani nyeusi ikaingia polepole. Mzee Remtulla akashuka akiwa na ndevu za siku nyingi, kanzu imekunjamana, macho mekundu. Albano akafuta mikono, akayapanga maneno yake.

"Shikamoo, mzee. Samahani, mimi gari hili siliwezi te..."

"Marahaba. Lete gunia," mzee alimkatiza kana kwamba hakusikia. "Safari hii lipunguze. Hamsini na nane, palepale kushoto."

"Mzee, nisikilize kwanza."

Lakini mzee alikuwa ameshazunguka nyuma na kufungua buti. Albano akarudi hatua mbili, akatazama barabarani, kisha akamtazama Mwinshehe, aliyekuwa ameshautupa msasa chini.

Mzee akatoa kiti kidogo cha kitoto kichanga, bado kiko ndani ya nailoni yake. Akakiweka kwenye kiti cha nyuma, jirani na mahali pa gunia, akavuta mkanda na kukifunga taratibu.

"Na hapa, kando ya mama yake," alisema, akitafuta miwani yake huku machozi yakimtiririka, "weka kilo tatu na robo."