Kitambaa cha Bango

Bango lilitangulia kuingia dukani, watu wakafuata nyuma yake. WAGENI WARUDI KWAO. Herufi nyekundu, kitambaa cheupe, upana wa mlango mzima.

Fundi cherehani hakushtuka. Alitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye kimto chake. "Karibuni, wageni wangu. Viti ni viwili tu, wengine kalieni majora."

Mmoja alitaka kucheka, akakohoa. Wakakaa.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa ameziba mlango wa nyuma, pasi mkononi kama rungu. "Shemeji, sema neno moja tu niwatoe! Wewe ni ndugu yetu. Hapa ni kwenu!"

"Weka pasi chini. Leo hatunyooshi mtu, tunazungumza."

Aliyewaongoza alikuwa mpakia mizigo, pande la mtu, wanamwita Kifaru. "Jumamosi uwe umeondoka," alisema. "Duka lishikwe na mwenyeji. Mnakuja, mnakula kazi zetu, na ufundi mnafundishana wenyewe kwa wenyewe. Binti yangu kazunguka mji mzima, kila mlango anaambiwa hakuna nafasi."

"Hilo linauma," Fundi alisema. "Ningekuwa wewe, mabango ningebeba mawili. Kwani alipita wapi na wapi?"

Kifaru hakulitegemea swali. Akaanza kueleza kwa ukali. Kadiri alivyoeleza, sauti ikashuka, ikabaki ya baba tu.

"Hapa hakufika," Fundi alisema. "Aje kesho. Na hilo la kuficha ufundi, muulizeni shemeji yangu, mzaliwa wa hapa hapa. Kuna pindo la kona lisiloonyesha uzi hata ulitafute kwa tochi. Marehemu baba alinirithisha mimi peke yangu, nami nimempa huyu peke yake. Alinitoa jasho! Siku hizi mkono wake unaenda wenyewe."

Watu wakamgeukia shemeji. Shemeji akaitazama pasi.

Chai ikaletwa. Vikombe vilipokauka, Kifaru alikuwa amecheka mara moja, na akakana kwamba amecheka. Akasimama, akalikunja bango, akaliweka juu ya cherehani.

"Jumamosi hatuji, Fundi. Kitambaa hiki mshonee binti yangu aproni ya kazi. Hata aliyekitoa simjui. Nilikikuta mlangoni kwangu asubuhi, kimeandikwa na kushonwa tayari."

Wakapeana mikono, wakatoka.

Shemeji akashusha pumzi, akapiga kofi. "Tumewashinda, shemeji! Si nilikwambia hapa ni kwenu?"

Fundi alikitandaza kitambaa mezani akipime. Kidole kikafuata ukingo, kikafika pembeni, kikasimama. Akaigeuza kona, akautafuta uzi. Akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akautafuta tena.

"Shemeji," alisema taratibu, bila kuinua macho, "kona umeikunja vizuri."