Kitunguu cha Kuliza

"Mjane gani huyo asiyelia?" mwongozaji wa mchezo alifoka katika ukumbi wa parokia pale Karatu, akamkabidhi Selestina nusu ya kitunguu. "Kisogeze machoni. Watu wanataka ukweli!"

Damu ikamchemka Selestina. Kitunguu! Yeye wa kupewa kitunguu! Miaka tisa amechambua vitunguu Mang'ola, asubuhi mpaka jioni. Macho yalishakuwa sugu.

"Mwalimu, shemeji zangu waling'oa mabati ya nyumba yangu matanga hayajaisha. Sikulia. Ukweli ndio huo."

"Hadithi baadaye. Lia!"

Alikitupa chini kile kitunguu. Akajifunga kibwebwe, akakaza khanga mpaka fundo likamuuma ubavuni. Kisha akamwendea mwigizaji aliyecheza shemeji, polepole, bila kupepesa jicho, wakawa uso kwa uso.

"Haya. Sema umekuja kuchukua nini."

Yule bwana alitakiwa ajibu, "Shamba la kaka yangu." Badala yake alirudi nyuma hadi mgongo ukagota ukutani.

"Nisamehe, mama," akasema.

Mwongozaji akaanza kupekua karatasi za mchezo, akitafuta maneno hayo yameandikwa wapi.