Kura ya Rungu

Askari wa mtaa aliliacha rungu nyumbani, akaenda kumkumbusha fundi cherehani mkono aliomvunja.

"Bado unauma?" aliuliza akiwa mlangoni.

"Umepona kabisa, mkuu," fundi alijibu, akiuficha chini ya kitambaa.

"Nilikuvunja bure. Hukuwa mwizi. Jumamosi ukumbuke hilo."

"Nitakumbuka, mkuu. Mimi na mama watoto."

Kila baada ya miaka mitatu wakazi waliandika NDIYO au HAPANA kwenye vikaratasi: je, askari wao aendelee kulishika rungu? Katika mtaa mzima, ni yeye tu aliyeruhusiwa na sheria kumpiga mtu. Alikwisha kwenda ofisini kuulizia kama anaweza kulirudisha mwenyewe.

"Mtaa ndio uliokupa, mtaa ndio utakaoamua," karani alimwambia. "Si mimi wala si wewe."

Kwa siku tano alipita nyumba hadi nyumba. Muuza mkaa alimkumbusha kibanda alichombomolea. Mwalimu mstaafu alimkumbusha mwanawe, aliyelala sakafuni mahabusu siku mbili kwa kosa la mwingine. Kila mmoja aliitikia upesi, kisha mlango ukafungwa taratibu, kwa heshima.

Ijumaa alikaa kwenye benchi la kinyozi, mahali alipozoea kucheza drafti kabla hajapewa rungu. Wachezaji wawili walimpisha wakaondoka. Kinyozi akacheza naye, akafungwa mara tatu mfululizo.

"Zamani uliniita kichwa maji," askari alisema. "Ukanicheka kila nilipoliwa kete."

"Utoto ule, mkuu. Unisamehe."

Kinyozi akakumbuka kwamba ana kazi ndani. Askari aliziokota kete peke yake, moja moja, akazirudisha kwenye kopo.

Jumamosi kura zilihesabiwa mbele ya watu wote. NDIYO mia mbili na kumi na moja. Watu walishangilia wakimtazama usoni. Fundi cherehani alijipiga paja kwa mkono wake mzima.

Karani alimvuta kando, akamwonyesha HAPANA pekee iliyopatikana.

"Kuna mmoja hakutaki, mkuu. Tumtafute?"

Askari aliyatazama maandishi yale: herufi kubwa, zilizokandamizwa, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

"Mwache," alisema. Akakikunja kile kikaratasi, akakitia mfukoni, kando ya kalamu aliyokiandikia.