Mgonjwa wa Octavian

Nane, kama Octavian alivyomwita kwa namba ya kitanda, alikuwa ameshika kingo za godoro kwa mikono miwili, kama mtu aliyepanda mkokoteni wa ng'ombe. Shuka alikuwa ameivuta mpaka kidevuni.

"Mtazame," Octavian alimwambia Brightness bila kushusha sauti. "Wiki nzima yuko hapa, bado anaogopa kitanda. Watu wa ng'ombe hawa!"

Sakafuni, kati ya vitanda, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakingoja nafasi, macho yao kwenye magodoro ya wenzao.

Octavian na Brightness walikuwa wafamasia, wote wawili mwishoni mwa mafunzo ya uzamili katika hospitali hiyo iliyo njiani kati ya Kilosa na Mikumi. Asubuhi hiyo watahini kutoka chuoni walikuwa wanakuja kumpima Octavian kando ya kitanda. Angeeleza mgonjwa mmoja: dawa alizompangia, kwa nini, na zimemsaidia nini. Akifaulu, cheo cha mkuu wa famasi kilikuwa kinamsubiri Morogoro. Akishindwa, angerudia mwaka mzima. Baba yake, katekista wa Lumuma, alikwisha kualika watu.

"Umemsalimia mgonjwa wako leo?" Brightness aliuliza.

"Ili iweje?"

"Basi tu. Msalimie."

"Ndiyo maana wewe humalizi wodi. Shikamoo bibi, habari za Tindiga, ng'ombe hawajambo, wajukuu hawajambo. Unatibu au unaposa?" Octavian alijigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Nane namjua kuliko anavyojijua. Figo zake, mapigo yake, maji yake, vyote viko humu."

Brightness aligeuka kutazama mlango. Alishazoea.

Dokta Yusrah, mtahini mkuu, aliingia na wenzake wawili. Alikuwa mwanamke mfupi, na viatu vyake havikuwa na sauti. Octavian alianza kabla hajaombwa.

Mwanamke wa miaka sitini na kitu, alisema, mfugaji. Moyo umechoka kusukuma damu, maji yamejaa miguuni. Daktari alikuwa amempa dawa ya moyo nyingi kuliko figo zake zilivyoweza kuhimili. Alipolitaja neno "daktari" alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Mimi nikaipunguza. Jana asubuhi nikapandisha dawa ya kutoa maji. Wenzangu waliogopa. Nane huyu—"

"Mimi, baba..." alianza mama wa kitandani.

"Subiri, bibi. Hapa naongea mimi." Akawageukia watahini. "Mnisamehe. Hawa ukiwapa nafasi watakuhadithia safari yote, kutoka Shinyanga mpaka hapa."

Mtahini mmoja alicheka. Dokta Yusrah hakucheka.

"Na matokeo?" aliuliza.

Octavian alikuwa akilisubiri swali hilo. Alifunua shuka kwa mkupuo mmoja. Miguu ilikuwa myembamba na mikavu, na visigino vilikuwa na vumbi jekundu.

"Juzi ilikuwa kama mitungi. Bonyezeni."

Mtahini aliyecheka alibonyeza kwa kidole gumba. Ngozi ilirudi palepale. Alishika mkono wa mama yule, akatazama saa yake. "Mapigo yametulia," alisema. "Kama ya msichana!"

Octavian alimtupia Brightness jicho.

"Na hili vumbi?" aliuliza Dokta Yusrah.

"Hilo waulizwe wauguzi, Dokta. Mimi nimesomea dawa, sikusomea kuogesha."

"Dawa anazimeza sawasawa?"

"Mbele ya macho yangu."

Alifungua kabati dogo la kando ya kitanda, akatoa kidonge, akamimina maji kwenye kikombe. Mama aliutazama mlango. Kisha akakitazama kidonge.

"Baba, hiki si..."

"Si kitamu, najua. Meza."

Mmoja wa wanawake wa mikekani alikuwa amejivuta karibu na kitanda. Mama alimwona. Akakaza mkono mmoja kwenye godoro, na kwa mkono wa pili akapokea kidonge. Wenye makoti meupe hawabishiwi. Alimeza.

"Umeona?" Octavian alimnong'oneza Brightness. "Hakuna cha shikamoo. Ni kuamrisha tu."

Watahini wawili walitazamana wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Yule aliyecheka alimpa Octavian mkono. "Mgonjwa wa moyo aliyepata nafuu hivi kwa siku moja! Kijana, umefanya kazi."

"Asante. Ni suala la kumjua mgonjwa," Octavian alisema.

"Mimi nina swali moja limebaki," alisema Dokta Yusrah.

Octavian alinyoosha koti lake. "Karibu, Dokta."

"Si lako."

Dokta Yusrah alisogea kitandani. Aliinama, magoti yakakunjika kidogo, kama binti mbele ya mkubwa wake.

"Shikamoo, mama."

Mikono ya yule mama ililiachia godoro kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba sana."

"Na ugonjwa, unaendeleaje?"

"Mimi mzima, mwanangu. Mgonjwa ni dada yangu Kishiwa. Tangu jana hiyo dawa yenu haimpi nafasi ya kukaa, yuko chooni na miguu yake ile. Kaniambia nimlalie kitanda kisichukuliwe. Sasa hiki kidonge mlichonipa, na mimi kitanipeleka hukohuko?"