Sifuri ya Mzee Mkwizu

Siku hizi bomba halitoi maji mpaka mwenye nyumba akokotoe kwa mkono integrali ya tangi lake, hesabu ya kujumlisha maji yanayoingia na kutoka. Leo Mzee Mkwizu, bingwa wa hesabu wa mtaa, alifanya utundu. Kwenye konstanti, namba inayosema umeanza na maji kiasi gani, aliandika sifuri. Mtambo wa kugawa maji ukaamini tangi lake ni tupu, ukamgawia hadi fungu la jirani.

Alikuwa bado anacheka jirani huyo, Mama Tunu, alipoingia na karatasi yake ya hesabu.

“Shikamoo, mzee. Bomba langu kavu, na mtoto anaharisha. Nimekosea wapi?”

Mzee akaikagua. Hesabu ilikuwa sahihi yote.

“Konstanti,” akasema. “Andika upya.”

“Kumbe! Kichwa changu hiki! Mungu akubariki.”

Akakaa palepale kuandika. Mzee akaongeza sauti ya redio, tangi lake lisisikike likifurika.