Kidude Namba Nne

Maurine alivichomoa vidude viwili kwenye chaja ya duka la kinyozi, ambako timu ilivalia jezi, akatupia jicho mlangoni, kisha akavibadilisha. Chake, namba nne, akakisokomeza kwenye mfuko wa mgongoni wa fulana ya Navalayo. Namba tisa, cha Navalayo, akakivaa yeye.

Kocha Willis alishawaonya wasichana wa timu ya soka ya Butere: "Hiki kidude hakidanganyi. Kinahesabu kilomita, kinaona mbio, kinasikia mpaka moyo. Atakayekichezea, namfukuza."

Nafasi ya kwenda timu kubwa Nairobi ilikuwa moja. Maurine, nahodha, alikuwa na miaka ishirini na tisa na magoti yanayolia kama mlango mkuukuu. Katika maneno yote ya kocha, yeye alishika kilomita tu.

Navalayo alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu aje kutoka Mayoni alilala kwa Maurine, akala kwa Maurine. Siku hiyo alikimbia kama aliyeona nyoka kwenye miwa, na kila hatua yake ilikuwa ya Maurine.

Wakati wa mapumziko Maurine alimkuta ameketi, amejishika kifua.

"Wewe, nini?"

"Ni ile obusuma ya asubuhi, dada. Ugali mimi nakulanga haraka."

"Inuka basi, ukimbie."

Akainuka, akakimbia.

Mechi ilipokwisha, kocha alimwita Maurine peke yake chumba cha vifaa, tableti mapajani.

"Namba nne, kilomita kumi na moja! Mama, umewatimulia vumbi wote."

Maurine akatabasamu.

"Lakini moyo wako ni mgonjwa. Daktari ameyaangalia haya mapigo mara mbili. Ukicheza tena, utafia uwanjani. Pole sana. Kuanzia leo hutacheza."

Tabasamu lilimganda usoni. "Na Navalayo?"

"Kilomita zake chache, lakini moyo wake mzima kama trekta. Nafasi ni yake. Kesho watu wa Nairobi wanakuja kumtazama. Atacheza dakika zote tisini."

Maurine akashika mlango. Akatoka.

Nje, Navalayo alimjia mbio, akihema. "Dada Maurine, kocha amesemaje?"

Maurine alikitazama kile kifua kikipanda na kushuka. Akapiga goti, akamfunga vizuri kamba ya kiatu iliyolegea.

"Amesema kesho ukimbie kuliko leo."